HARAMBEE NG'AMBO YA BAHARI
Jinsi watu wa mji mmoja wanavyofungua tawi la shule ya likizo huko Marekani



Neno "Harambee" lilikuwa neno la kazi kabla halijawa neno la siasa. Wapagazi wa pwani waliliitikia walipovuta kamba au walipoinua mzigo uliowashinda mmoja mmoja. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa zima, na hata leo limeandikwa chini ya ngao ya Jamhuri ya Kenya. Hayo yajulikana na kila mtu. Lisilojulikana na wengi ni kwamba kila mwaka, katika miezi ya Juni na Julai, neno hilo hilo hutajwa kila asubuhi katika miji mingi ya Marekani na watoto ambao hawajui neno jingine lo lote la Kiswahili. Kwao Harambee ni jina la nusu saa ya kwanza ya masomo katika shule za likizo ziitwazo Shule za Uhuru.

Mazungumzo haya yahusu shule hizo, na hasa jambo moja: ni kazi gani imngojeayo mtu, au kanisa, au chama cha wenyeji, apendaye kufungua tawi la shule hiyo mahali pake.

Kwanza yafaa kueleza likizo yenyewe. Hapa Kenya mwaka wa shule umekatwa vipande vitatu, na likizo huja mara tatu. Marekani sivyo. Shule nyingi hufungwa mwisho wa Mei au katikati ya Juni, wala hazifunguliwi tena mpaka Agosti au Septemba. Hizo ni wiki kumi, pengine zaidi. Mtoto wa mwenye mali hupelekwa kambini, husafiri na wazazi wake, au hununuliwa vitabu. Mtoto wa maskini hukaa na dada yake mkubwa mbele ya televisheni, maana mama yuko kazini.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, walianza mwaka 1982 kuwafuata watoto wapatao 800 tangu darasa la kwanza. Mwaka 2007 walitangaza kwamba sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana kati ya watoto wa maskini na wa wenye nafasi, walipofika shule ya sekondari, ilikuwa imejengeka katika miezi ya likizo na si katika miezi ya masomo. Wataalamu wengine wamekuja baadaye kuitilia shaka hesabu hiyo, wakisema mitihani iliyotumika ilikuza tofauti kuliko ilivyo. Ubishi huo ni wa kipimo. Kwamba mtoto asiyeshika kitabu kwa wiki kumi atarudi darasani mzito kuliko yule aliyesoma kila siku, hilo halihitaji mtaalamu.

KANISA LILILOCHOMWA MOTO

Shule za Uhuru hazikuzaliwa ofisini. Mwezi wa Desemba 1963, kijana mmoja aitwaye Charles Cobb, mfanyakazi wa SNCC, chama cha vijana waliokuwa wakipigania haki za Wamarekani Weusi, aliandika shauri la kufungua shule za muda katika jimbo la Mississippi wakati wa kiangazi cha 1964. Katika jimbo hilo watoto Weusi walisoma katika shule zao peke yao, zilizopewa fedha kidogo kuliko zile za Wazungu, na katika sehemu za pamba masomo yalisimamishwa wakati wa mavuno ili watoto waende mashambani. Bwana Cobb alitaka wafundishwe kusoma na kuandika vizuri, wafundishwe habari za watu wao wenyewe, na zaidi ya yote wafundishwe kuuliza maswali.

Shule yahitaji paa, na paa katika Mississippi ya siku zile lilikuwa la kanisa. Kanisa la Mount Zion, katika wilaya ya Neshoba, lilikuwa limekubali kutoa jengo lake. Usiku wa tarehe 16 Juni 1964 watu wa Ku Klux Klan walikuja, wakawapiga waumini waliokuwa wakitoka mkutanoni, na kanisa likateketezwa kwa moto. Siku tano baadaye vijana watatu, James Chaney, Michael Schwerner na Andrew Goodman, walikwenda kuwapa pole watu wa kanisa lile na kupata habari za jambo lenyewe. Walipokuwa wakirudi walikamatwa na askari, wakafunguliwa usiku, kisha wakafuatwa barabarani na kuuawa. Maiti zao zilionekana tarehe 4 Agosti, zimefukiwa ndani ya tuta la bwawa.

Yeyote angalidhani kwamba baada ya hayo hakuna mzazi ambaye angalimtoa mtoto wake. Lakini shule zilifunguliwa mwezi wa Julai kama ilivyopangwa. Wenye mpango walikuwa wametazamia watoto 1,000 hivi; walikuja zaidi ya 2,000, pamoja na watu wazima waliotaka kujifunza ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Shule zilipita 40. Katika mji wa McComb nyumba ya wafanyakazi wa mpango ilipigwa bomu, na masomo yakafanyika nje, juu ya majani, mbele ya nyumba iliyobomoka. Msichana mmoja mwanafunzi alitunga shairi kuwauliza wakubwa wa mji kwa nini hakuna anayethubutu kuwapa watoto mahali pa kukaa, na baada ya shairi hilo kanisa likapatikana.

Habari hizi zimeelezwa kwa urefu kwa sababu wenye kufungua matawi leo huambiwa habari hizi kabla ya kuambiwa habari za fedha. Siku hizi kanisa likitoa jengo lake huhatarisha bili ya umeme tu. Wazee wa baraza la kanisa wakinung'unika juu ya viti vitakavyovunjika, hukumbushwa Mount Zion, na mara nyingi manung'uniko hukoma.

Kiangazi cha 1964 kilipokwisha shule zile nyingi zilikoma. Aliyezirudisha ni Bibi Marian Wright Edelman, mwanasheria, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili katika Mississippi. Mwaka 1973 aliunda chama cha kuwatetea watoto, kiitwacho Children's Defense Fund, na tangu mwaka 1995 chama hicho kimekuwa kikiendesha Shule za Uhuru za namna mpya kila kiangazi. Watoto waliopita humo tangu mwaka huo ni zaidi ya 150,000. Shule hizi hufuata utaratibu mmoja katika matawi yote, nazo hudumu kwa wiki sita.

CHAMA KIKUU HAKILETI SHULE

Hapa ndipo wageni wa jambo hili hukosea. Wengi hudhani kwamba mtu akiandika barua kwa chama kikuu, chama kitaleta waalimu, vitabu na fedha, kama vile mkoloni alivyoleta posta. Sivyo. Chama kikuu hutoa mafunzo, mpango wa masomo, orodha ya vitabu, na ruhusa ya kutumia jina. Tena kwa mafunzo na vitabu hivyo, tawi hulipa. Yote yaliyobaki, jengo, chakula, mishahara, bima, gari la kuwachukua watoto na karatasi za chooni, ni juu ya mdhamini aliye mahali penyewe.

Mdhamini ni nani? Aghalabu ni kanisa, au halmashauri ya shule, au chuo kikuu, au chama cha wenyeji kisichotafuta faida na kilichoandikishwa kusamehewa kodi. Katika wilaya ya Los Angeles, Shule za Uhuru zimefunguliwa hata katika kambi za vijana waliofungwa na mahakama. Kikundi cha marafiki wema wasio na chama, wasio na mhazini wala hesabu ya benki, hakiwezi kuwa mdhamini, hata kama nia yao ni safi kama maji ya mtungi. Kikundi cha namna hiyo kikitaka tawi, njia ya haraka ni kwenda kwa chama kilichokwisha kuandikishwa na kuomba kiwe baba wa jambo. Kuandikisha chama kipya huchukua muda, na kiangazi hakimngoji mtu.

Kwa hiyo kazi huanza wakati majani ya miti yanapoanguka, mwaka mmoja kabla. Shirika la uchunguzi liitwalo RAND, lililochungulia shule za likizo katika miji mitano tangu mwaka 2011, lilishauri kwamba uamuzi wa kufungua ufanywe kabla ya mwaka kwisha, na matayarisho yenyewe yaanze Januari, wala si baadaye. Atakayeanza kuzungumza habari za shule ya Juni katika mwezi wa Aprili atapata jengo na watoto, lakini hatapata waalimu wazuri, kwa maana watakuwa wamekwisha kuandikwa kazi kwingine.

SAHANI 3,000

Hesabu si ngumu, ila yatisha ikiandikwa. Sheria ya Shule za Uhuru ni kwamba kijana mmoja afundishe watoto wasiozidi 10. Watoto 50 basi wahitaji vijana watano, msimamizi mmoja wa mahali, na mtu wa jikoni. Kila mtoto hupewa chakula cha asubuhi na cha mchana, na kitu kidogo cha kutafuna alasiri. Wiki sita za siku tano ni siku 30. Watoto 50, milo miwili, siku 30: hizo ni sahani 3,000, bila kuhesabu vitafunio.

Serikali ya Marekani husaidia. Uko mpango wa chakula cha kiangazi, ulioanza kwa majaribio mwaka 1968, ambao huwalipa wadhamini kwa ajili ya milo wanayowapa watoto mahali ambapo angalau nusu ya watoto wana haki ya kupata chakula cha shule bure au kwa bei iliyopunguzwa. Kwa kawaida milo inayolipwa kwa siku ni miwili. Lakini mdhamini hana budi kuhesabu kila sahani wakati inapotolewa, siku kwa siku, na kuandika. Karani akisahau kuandika siku ya Jumanne, chakula cha Jumanne kimekuwa sadaka. Tena fedha aghalabu huja baada ya hesabu kupelekwa, hali muuza mkate ataka zake wiki hii. Makanisa madogo hukwama hapa kuliko mahali pengine po pote. Watoto wapo, chakula kimeahidiwa na serikali, na sanduku ni tupu. Waliokwisha kupita njia hii hushauri kuweka kando fedha za chakula za mwezi mzima kabla ya kuandikisha mtoto wa kwanza. Wengine huingia mkataba na jiko la shule ya serikali iliyo karibu, ambalo lina wapishi na makarani wake, nao huona afadhali kubwa.

Gharama kubwa zaidi ni mishahara ya vijana. Baadhi ya wadhamini wanapoona hesabu hiyo huuliza: Je, hawawezi kufundisha bure? Swali hilo laonekana jema, nalo si jema. Kijana maskini wa chuo kikuu hutegemea kazi ya kiangazi kulipia karo yake. Wakitafutwa wa kujitolea tu, watakaopatikana ni watoto wa matajiri, na wale waliokulia mitaa ile ile ya wanafunzi watabaki nje ya mlango. Na hao ndio wanaotakiwa. Mtoto wa miaka minane asiyependa kusoma humsikiliza kijana aliyemwona akicheza mpira mtaani kwake, kisha akamwona akirudi kutoka chuo na vitabu mkononi.

VIJANA WANAVYOFUNZWA

Vijana hao huitwa viongozi watumishi. Mwanzoni mwa Juni hupelekwa jimbo la Tennessee kufunzwa. Kwa miaka mingi mafunzo hayo yamehusiana na shamba lililoko Clinton, ambalo lilikuwa mali ya marehemu Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots kilichotoka mwaka 1976. Chama kilinunua shamba hilo mwaka 1994. Ndani yake imo maktaba iliyopewa jina la mshairi Langston Hughes, iliyofunguliwa mwaka 1999 na kujengwa ndani ya ghala kuukuu la mbao. Mafunzo yenyewe yamepewa jina la Bibi Ella Baker, ambaye mwaka 1960 aliwakutanisha wanafunzi walioanzisha SNCC.

Huko vijana hujifunza kufundisha kitabu kizima pamoja na mazungumzo yake, kutuliza ugomvi wa watoto, na kuimba. Lisidharauliwe hilo la kuimba. Mdhamini anayelipia nauli za vijana watano kwenda Tennessee huona fedha zimekwenda kwa nyimbo, mpaka aione asubuhi ya kwanza.

Asubuhi yenyewe huwa hivi. Saa mbili watoto hula. Saa mbili na nusu wote hukusanyika, wakubwa kwa wadogo, na Harambee huanza. Mgeni kutoka mjini huwasomea kitabu kwa sauti. Aweza kuwa meya, zimamoto, kinyozi au bibi ya mmoja wao. Wimbo wao mkuu ni ule uliotungwa na Labi Siffre, Mwingereza Mweusi, alioutoa mwaka 1987 akiwa anafikiri juu ya dhuluma za Afrika ya Kusini. Hufuata vigelegele na miitikio, kisha kila aliyefanya vema jana hutajwa mbele ya wenzake, na mwisho wote hunyamaza kimya kwa kitambo. Baada ya hapo ni kusoma mpaka karibu na wakati wa chakula cha mchana. Halafu huja dakika 15 ambazo kila mtu aliye ndani ya jengo, hata mpishi na mfagiaji, huacha kazi na kusoma kitu akipendacho. Alasiri ni michezo, sanaa na safari. Vitabu vimechaguliwa ili mtoto aone ndani yake watu wanaofanana naye, na kila wiki hupewa kimoja cha kwenda nacho nyumbani kiwe mali yake. Ziko nyumba ambazo kitabu hicho ndicho cha kwanza kuingia.

Wazazi nao huitwa mara moja kwa wiki. Kazini hawapewi ruhusa kwa urahisi, kwa hiyo mkutano hufanywa jioni, na msimamizi mwenye busara hupika.

Mtu wa Kenya atauliza kama mambo haya si yale ya masomo ya likizo yaliyokatazwa na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013. Yako mbali. Hapa katazo lilitolewa kwa sababu masomo ya likizo yalikuwa yamegeuka kuwa mwendelezo wa darasa, mtihani juu ya mtihani, na mzazi akitozwa. Katika Shule za Uhuru mzazi hatozwi karo, wala hakuna mtihani wa kumpandisha mtoto darasa. Zinafanana zaidi na zile shule za Harambee zilizojengwa na wenyeji wa Kenya tangu miaka ya 1960, kwa mawe waliyochonga wenyewe, isipokuwa zile zilikuwa za kudumu, na hizi hufungwa kila Julai au Agosti na kuanza upya.

WALIOJIANDIKISHA NA WALIOKUJA

Liko jambo ambalo huwavunja moyo walioanza. Wale wachunguzi wa RAND waliona kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watano waliopewa nafasi katika shule za likizo walizochungulia hakutokea hata siku moja, na wengine walikuja wiki mbili kisha wakapotea. Waliofaidika hasa ni wale waliohudhuria siku 20 au zaidi. Tawi jipya lililoajiri vijana watano kwa watoto 50, kisha likapata watoto 36, limelipa mishahara ya bure, na mwaka utakaofuata watoa fedha watauliza.

Dawa zake ni ndogo ndogo. Msimamizi hupiga simu kwa kila nyumba katika wiki ya mwisho ya Mei, na tena siku mbili kabla ya kufungua. Gari la kuwachukua watoto lazidi bango lo lote kwa faida. Mtoto asipoonekana asubuhi, mtu huenda kubisha mlangoni mchana ule ule, wala si Ijumaa. Na yafaa kuwa na orodha ya wanaongoja, ili nafasi ikipatikana ijazwe katika wiki ya kwanza; baada ya hapo mtoto mgeni hupata taabu kuwafikia wenzake.

Wadhamini wengi hupenda kuanza na watoto 100, maana namba hiyo hupendeza katika magazeti. Afadhali 50 waje kila siku. Tawi lililofunguliwa kwa shangwe na kushindwa kufungua kiangazi cha pili huacha jina baya katika mtaa, na mtu mwingine akija baada ya miaka mitano na shauri kama lile, akina mama humwuliza ni yupi katika wale walioondoka.

Katika wiki ya sita watoto huwaonyesha wazazi wao waliyojifunza, kwa nyimbo na michezo ya kuigiza. Kisha viti hurudishwa, vitabu vilivyobaki huhesabiwa na kufungwa katika masanduku, vijana hurudi vyuoni, na karani humaliza karatasi za chakula. Mwezi wa Oktoba halmashauri hukutana tena, mhazini husoma hesabu, na swali la kwanza mezani ni kama kanisa litatoa chumba kwa mwaka ujao.